Cheti Ambacho Reino Kantola Hakukitia Sahihi

Reino Kantola hakutia sahihi cheti cha mtu aliyetoka darasani kabla ya saa. Aliyekaa mpaka mwisho alipata cheti chake, hata kama alikaa tu kama gunia. Aliyetoka hakupata, hata kama yeye ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote chumbani. Aliishika sheria hiyo miaka yote aliyofundisha, pamoja na siku ambayo aliyetoka alikuwa Aune Saarela.

Kwa kweli sheria haikuwa yake, ilikuwa ya jimbo. Kwetu huku, kando ya Ziwa Superior, mtu hauzi nyumba ya mwenzake bila leseni, na leseni haipati bila kukaa darasani na kufanya mtihani. Akishaipata, hajamaliza. Kila baada ya miaka michache sharti arudi darasani akumbushwe aliyoyasahau na afundishwe yaliyobadilika: mambo ya mikopo, visima, rangi za zamani zenye sumu, na kwamba mteja hafukuzwi kwa sababu ya rangi yake au dini yake. Asipokaa saa zinazotakiwa, leseni inakufa. Na anayethibitisha kwamba mtu alikaa ni mwalimu, kwa sahihi yake. Wako walimu waliojua kufumba macho, na madalali waliwajua walipo na kuendesha gari mbali kuwafuata. Reino hakujua kufumba macho.

Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mjane, mwenye mikono mikubwa ya ukoo wa wachimba migodi na sauti ndogo isiyolingana na mikono hiyo. Alifundisha katika ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, ambako mabomba ya maji moto yaligonga ukutani kutwa nzima. Mlangoni aliweka sufuria kubwa ya bati yenye mfuniko, ile ambayo watu huokea bata mzinga wakati wa Sikukuu ya Shukrani. Kila aliyeingia alitumbukiza simu yake humo. Nazungumzia miaka ile ya simu za kukunja. Siku hizi watu husomea kwenye kompyuta huku wakikaanga mayai, na mashine inawapa cheti bila kujua kama walisikia neno.

"Mwalimu, mteja wangu akinipigia je?" mtu angeuliza, akiwa bado ameishikilia simu juu ya sufuria kama anayeagana na mtoto.

"Mwache aive," Reino alijibu.

Anayeona hilo ni jambo dogo hamjui dalali wa nyumba. Dalali wa nyumba atatoka mazikoni kupokea simu. Atamwacha daktari na sindano mkononi. Reino mwenyewe alikuwa hivyo ujanani, na kila darasa jipya alilisimulia kisa chake, kwa maneno yale yale, bila kujihurumia. Alikuwa ameketi darasani kama wao, simu ya ukumbini ikaita, akatoka kwenda kupatana bei ya nyumba. Alipokuwa nje, wenzake walifundishwa kuhusu matangi ya mafuta ya kupasha joto ambayo watu wa zamani waliyafukia uani na kuyasahau. Alirudi, akapewa cheti kama wengine. Mwaka uliofuata aliwauzia mume na mke vijana nyumba yenye tangi chini ya bustani. Lilikuwa limeoza, na mafuta yalikuwa yamefika kisimani. Walihama na watoto wao, nyumba ikabomolewa.

"Ningekaa kwenye kiti changu ningejua pa kuchungulia," alisema kila mara. Kisha akaufunga mlango na somo likaanza.

Aune Saarela alikijua kisa hicho kuliko sisi madalali wote wa darasa lile. Alikuwa mjane naye, mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye ofisi juu ya duka la misumari na mbao. Leseni yake ilikuwa ya dalali mkuu. Maana yake ni kwamba wengine walifanya kazi chini ya jina lake, na leseni yake ikifa, za hao nazo zinalala na ofisi inafungwa. Chini yake walikuwepo Marlys, mwanamke mwenye watoto, na binamu mmoja aliyekuwa mgonjwa mara nyingi. Ofisi hiyo ndogo aliijenga peke yake tangu mumewe alipofariki, na jina lake lilikuwa dirishani kwa herufi za dhahabu alizozipaka mwenyewe.

Kila Jumamosi jioni Reino alikwenda kwa Aune kuoga sauna, yaani kuoga mvuke katika kibanda cha mbao kilichokuwa uani, chenye jiko la kuni na mawe ya moto. Aune aliingia kwanza, kisha Reino, kila mtu kwa zamu yake kama inavyostahili, halafu wakanywa kahawa jikoni na mkate wa iliki. Mambo hayo yalikuwa yameendelea kwa miaka. Mji mzima ulikuwa ukisubiri. Lakini watu wa asili ya Kifini hulizunguka jambo la moyo kama paka anayezunguka maziwa ya moto, na Reino alikuwa Mfini kupita kiasi.

"Mwalimu, utamuoa lini Aune?" Duane Pelkey, dalali mwenye mdomo mrefu kuliko wote, aliwahi kumuuliza mbele ya watu.

"Kwa nini? Amelalamika?" Reino akajibu, akaendelea kufuta ubao.

Siku za darasa Aune alileta chakula cha mchana cha watu wote: pasti za kuoka, zilizojazwa nyama, viazi na vitunguu. Kila moja aliichora kwa uma herufi ya kwanza ya jina la mwenyewe, kama wake wa wachimba migodi walivyofanya zamani ili mume asile cha mwenziwe shimoni. Pasti yenye herufi R ilikuwa kubwa kidogo kuliko nyingine. Sote tuliona, na hatukusema.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Oktoba. Leseni zilikuwa zinakwisha Jumanne, na hilo lilikuwa darasa la mwisho. Ukumbi ulijaa. Watu hawa walikuwa wamepewa miaka ya kukaa saa hizo, na wote waliziacha mpaka wiki ya mwisho, kwa sababu dalali daima anaamini kwamba kesho atakuwa na nafasi zaidi ya leo. Ni ugonjwa wa kazi hiyo, na Aune, pamoja na wema wake wote, alikuwa nao. Siwezi kumtetea hapo.

Theluji ya kwanza ilikuwa imeanza kuanguka. Tulikuwa tumeshakula. Reino alikuwa ubaoni akichora shimo la maji machafu na mabomba yake, na sufuria mlangoni ilikuwa ikilia. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Mfuniko ulitetemeka. Reino akachukua kitabu cha nyimbo za kanisa, akakiweka juu yake.

"Sasa inaimba," Duane akasema.

Hapo mlango ukafunguliwa. Marlys aliingia na theluji mabegani. Yeye alikuwa ameshamaliza saa zake majira ya kiangazi.

"Mlango, Marlys," Reino akasema.

Marlys aliufunga, akaenda mpaka kwenye kiti cha Aune akainama. Alijaribu kunong'ona, lakini alikuwa amekimbia, na mtu aliyekimbia hanong'oni.

"Aune, Mzee Tregonning kajifungia ndani ya sauna. Hatoki."

"Kajifungia vipi? Si leo wanakabidhiana nyumba?"

"Ndiyo! Wanunuzi wako uani na lori lao, na mtoto mchanga. Moshi umejaa, wao wanadhani anachoma nyumba. Benki inawasubiri kabla ya saa tisa, leo ndiyo siku ya mwisho ya mkopo wao. Na wale wa nyumba ya wazee wamesema asipofika leo kitanda wanampa mtu mwingine."

"Umeongea naye?"

"Kaniambia nikamuone mama yangu anifundishe adabu."

Aune hakuwa mtu wa kupoteza maneno. Mzee Tregonning, ambaye Aune alikuwa akimuuzia nyumba yake, alikuwa na miaka mingi, miguu mibovu, na hakuna mtoto aliyebaki karibu. Marehemu mkewe, Impi, alikuwa rafiki mkubwa wa Aune. Kila mtu pale alijua kwamba kama kuna mtu wa kumtoa mzee yule, ni Aune peke yake.

Alimtazama Reino. Reino alikuwa na chaki mkononi.

"Anayetaka kutoka atoke," Reino akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Mlango hauna ufunguo."

"Na cheti?"

"Unajua kuhusu cheti."

Nilikuwa nimekaa nyuma ya Aune na niliyaona mabega yake yakipanda na kushuka. Kisha alichukua koti lake, akatoka na Marlys, na mlango ukafungwa bila kelele.

Yaliyotokea huko tuliyasikia baadaye, kwa mzee mwenyewe, ambaye aliyasimulia mpaka kufa kwake kwa kila muuguzi aliyemletea uji.

Aune alibisha hodi kwenye mlango wa sauna. "Mzee Tregonning, ni mimi."

"Sitoki. Waambie wale watoto warudi kwao Milwaukee."

"Sijaja kukutoa. Fungua basi, theluji inaniingia kwenye viatu."

Komeo likalia.

Mzee alikuwa amekaa benchi la juu akiwa amevaa suruali, mikanda ya mabegani na shati lake la kanisani, lililolowa chapachapa. Jiko lilikuwa jekundu. "Impi alisema nyumba haiachwi na sauna baridi," akaeleza. "Aliniapisha. Anayehama anamwachia anayehamia moto. Basi nimewasha. Halafu nikasema nikae kidogo. Halafu nimekaa."

Aune alivua koti, akakaa benchi la chini na nguo zake za darasani. "Mwaga maji," akamwambia.

Mzee akachota kwa kata, akamwagia mawe. Mvuke ukapanda ukawafunika wote wawili.

"Unakumbuka Impi alivyokuwa akikunyang'anya hiyo kata?" Aune akauliza.

"Alisema natumia maji kama zimamoto."

"Alikuwa na haki."

"Alikuwa na haki siku zote, Mungu amsamehe." Mzee akafuta uso, na haikujulikana anafuta nini. "Binti, wewe leo si ungekuwa darasani kwa yule mtu wako?"

"Ningekuwa."

"Basi nenda."

"Mwaga maji," Aune akasema tena.

Hakumharakisha. Alijua kila kata ya maji inamgharimu nini, na alikaa. Mwishowe mzee alilitazama jiko akasema, "Lina wazimu wake hili. Ukilifungua mlango mzima linakutemea moshi usoni. Nani atawaambia wale watoto?"

"Wewe."

"Mimi si natoka?"

"Toka uwafundishe kwanza. Kisha uende."

Kwa hilo mzee alisimama. Aune alimshika kiwiko, wakatoka kwenye theluji wakifuka moshi kama viazi vilivyoepuliwa. Yule kijana wa Milwaukee, Terrell, alikuwa ameshika ndoo ya maji, macho yamemtoka.

"Bwana, tulidhani nyumba inaungua!"

"Ikiungua utajua tu, kijana. Njoo huku. Na hiyo ndoo njoo nayo, itatufaa." Akamrudisha ndani, akamwonyesha jiko, mlango wake mdogo, na jinsi ya kupanga kuni. Mkewe Terrell, Janine, alisimama mlangoni na mtoto, akaanza kucheka, na mzee akamwambia, "Huyo mlete akifikisha mwaka. Benchi la chini."

Kabla ya saa tisa karatasi zilikuwa zimetiwa sahihi benki. Marlys alimpeleka mzee nyumba ya wazee. Aune alirudi kanisani.

Alifungua mlango polepole, akakaa kwenye kiti chake. Nywele zake zilikuwa mbichi na zimeanza kuganda ncha. Mashavu yalikuwa mekundu, na harufu ya moshi wa kuni ilijaa ukumbi mzima. Chaki ya Reino ilisimama ubaoni, kisha ikaendelea. Alifundisha mpaka dakika ya mwisho.

Halafu akaanza kugawa vyeti. Alikuwa ameshaviandika majina yote asubuhi, kwa mwandiko wake wa kishule. Kilichobaki ni kukitia kila kimoja sahihi. Aliita jina, akatia sahihi, akatoa. Watu hawakuondoka. Walisimama na makoti yao wakingoja.

"Mwalimu," Duane akaanza, "nilimwona mimi. Alikwenda chooni."

"Muda wote huo?"

"Pasti zake zile. Zilimkoroga tumbo."

"Duane," Aune akasema kutoka kwenye kiti chake, "sema lolote, lakini pasti zangu usizitukane."

Tukacheka, kwa sababu tulihitaji kucheka. Reino hakucheka. Mkononi alibaki na cheti kimoja.

"Aune."

"Nasikia."

"Hukuwepo."

"Sikuwepo."

"Siwezi kuandika kwamba ulikuwepo."

"Sijakuomba." Aune akasimama. "Lakini nitazame unaposema, Reino. Unaongea na sufuria."

Reino akainua uso. Mimi sijaona uso kama ule tena, na sitaki. Aune aliuona pia, na nadhani ulimkasirisha zaidi, kwa sababu ulikuwa uso wa mtu anayeumia na bado habadilishi kitu. Alichukua simu yake kwenye sufuria, akafunga skafu juu ya nywele zile mbichi, akatoka. Trei ya pasti aliiacha mezani.

"Tia sahihi, mwalimu!" mtu mmoja akapaza sauti. "Jumanne leseni yake inakufa! Hakuna darasa jingine huku. Nani atajua?"

"Ninyi nyote," Reino akasema. "Si mko hapa mnaangalia?"

Duane akavaa kofia yake. "Una roho ya chuma wewe," akasema, na safari hii hakuwa akitania.

Wapo wanaosema mpaka leo kwamba Reino alikosea. Wanasema sheria iliwekwa kwa wavivu na wadanganyifu, si kwa mwanamke aliyekwenda kumtoa mzee kwenye majonzi yake. Mimi nimelifikiri jambo hili miaka mingi na sikubaliani nao. Cheti kinasema mtu huyu alikaa. Hakisemi mtu huyu ni mwema. Kama Reino angeandika kwamba Aune alikaa, angekuwa ameandika uongo, na uongo wa kumfaidi umpendaye ndio uongo rahisi kuliko wote. Aune alifanya vema kutoka. Reino alifanya vema kutotia sahihi. Mtu anaweza kufanya vema na bado akalipa, na anayefundisha watoto wake kinyume cha hivyo anawadanganya.

Jumanne ikafika, leseni ikafa. Aune alipiga simu jimboni, wakamjibu kwa upole kwamba hawawezi kumsaidia. Marlys alikuwa na watoto wa kulisha. Akajiunga na kampuni kubwa ya mjini, na nyumba zote ambazo Aune alikuwa amekabidhiwa kuuza zikaenda huko pia. Kabla ya Krismasi Aune alipanda ngazi na wembe, akakwangua jina lake dirishani, herufi moja moja. Mwenye duka alitaka kumsaidia, akakataa.

Na hakuzungumza na Reino.

Jumamosi, Reino aliendelea kwenda. Hakugonga mlango. Alikuja na koleo, akazoa theluji kwenye njia kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye sauna, akaikwangua mpaka yakaonekana mawe, kisha akaondoka. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Pazia lilikuwa linasogea kidogo. Majirani waliokuwa wakitazama, na walikuwa wengi, walisema angegonga tu angefunguliwa. Lakini hakuwa mtu wa kugonga mlango alioona amejifungia mwenyewe. Na Aune hakuwa mtu wa kutoka mbio nje kumwita mtu aliyemnyima ofisi yake. Basi njia ilizolewa kila wiki, na aliyeipita kwenda sauna alikuwa Aune peke yake.

Mwezi wa Januari Reino alikwenda nyumba ya wazee kucheza karata na Mzee Tregonning. Mzee alimwacha agawe kwanza.

"Wewe ndiwe uliyemfungia ofisi binti yangu Aune?"

"Ndimi."

"Kwa kukaa na mimi?"

"Kwa kutoka darasani."

Mzee alitupa karata yake. "Impi angekupiga na kata."

"Angekuwa na haki."

"Alikuwa na haki siku zote. Basi nenda kamwambie Aune."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba unastahili kupigwa na kata. Mwambie hivyo hivyo. Usiongeze sheria hata moja."

Reino aliitikia, akacheza, akashindwa, akarudi nyumbani. Hakwenda kumwambia.

Theluji ilipoyeyuka, darasa la wanaoanza lilifunguliwa. Hilo ni darasa refu, la wiki nyingi, la watu ambao hawajawahi kuwa na leseni, na la wale ambao zao zimekufa. Waliokuja walikuwa vijana, wengi wametoka shule juzi. Reino alisimama mlangoni na sufuria yake. Wa mwisho kuingia alikuwa Aune. Aliitumbukiza simu, akaenda kukaa mstari wa mbele.

Reino akafungua orodha ya mahudhurio. Alipomfikia Aune, akauliza kama alivyowauliza wengine.

"Jina?"

"Unalijua."

"Natakiwa kuuliza."

"Aune Saarela."

"Umewahi kuwa na leseni?"

"Niliwahi. Ilikufa."

Msichana aliyekaa kando yake, ambaye hakuwa wa mji ule, akamgeukia kwa huruma. "Pole, mama. Ilikufa kwa nini?"

"Nilikwenda kuoga," Aune akasema.

Reino aligeukia ubao. Mabega yake yalitikisika. Msichana yule alisema baadaye kwamba alidhani mwalimu anakohoa.

Aune alikaa saa zote. Alifundishwa shimo la maji machafu ni nini, yeye aliyekuwa ameuza mashimo hayo kwa miaka mingi, na aliandika kila neno. Mchana alifungua kikapu akawagawia vijana pasti, kila moja na herufi yake, nao wakashangaa. Ya mwalimu haikuwemo. Reino alikula mkate wake na jibini kwenye meza yake, wiki baada ya wiki, na hakulalamika.

Siku ya mwisho, mwezi wa Mei, Aune aligawa kama kawaida. Kikapu kilipokuwa kitupu isipokuwa kitu kimoja kilichofungwa kitambaa, alisimama akakipeleka kwenye meza ya mwalimu, akakiweka, akarudi kukaa. Reino akafungua kitambaa. Akaitazama ile R.

"Nastahili kupigwa na kata," akasema.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Mzee Tregonning. Januari."

"Januari!" Aune akapiga meza. Vijana wakaruka. "Januari, Reino? Leo ni Mei! Umelibeba neno moja miezi yote hiyo?"

"Nilikuwa natafuta pa kuliweka."

Aune alimtazama. Kisha akacheka, na alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha pasti. "Jumamosi sauna itakuwa moto," akasema. "Ugonge mlango."

Jioni ile Reino alitia sahihi cheti cha Aune, cha kwanza kabla ya wengine wote. Walifunga ndoa Agosti, na karamu ikawa katika ukumbi ule ule wa chini. Sufuria ilikuwa mlangoni, na simu zetu zote zilikuwa ndani. Duane alijaribu kuingia na yake mfukoni. Bwana harusi mwenyewe alimsimamisha akamfunulia mfuniko.

Aune alipata leseni, lakini ya dalali wa kawaida, chini ya jina la mtu mwingine. Ofisi ya juu ya duka haikufunguliwa tena. Reino alifundisha mpaka moyo wake uliposimama, mwezi wa Februari, akizoa theluji kwenye njia ile ile. Tangu Ijumaa ile ya Oktoba mpaka siku hiyo walikuwa wamejaliwa misimu minne ya baridi. Sheria iliwagharimu mmoja kati ya hiyo.